Futa Kioo Kwanza: Miaka Yangu kwenye Mashine ya Vidole, Mpanda

Mliponiaga, nyie vijana wa ofisini, mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, na kila nikiitazama inanikumbusha kwamba sina tena pa kuwahi. Nashukuru. Ila katikati ya pilau na hotuba mmoja wenu aliniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu ya kuchukua alama za vidole, kwa sababu kwenye mafunzo, alisema, wanafundishwa mashine tu, watu hawafundishwi. Nilidhani ni maneno ya sherehe. Kumbe hakuwa na masihara. Kila akinikuta sokoni anauliza nimefikia wapi. Basi nimefikia hapa.

Habari za vyeo sitazigusa. Nilipanda nilipopanda, na mshahara wangu mliuona wenyewe kwenye viatu vyangu. Nianze na blauzi.

Siku ya kwanza kazini nilivaa blauzi nyeupe, mpya, yenye kola ya lesi, ambayo mama yangu aliishona huko kwetu Kibaoni kwa fahari ya binti aliyepata kazi mjini Mpanda. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi yenyewe ni ya wino. Zamani hizo hapakuwa na mashine. Palikuwa na kioo kinene cha mezani, wino mzito mweusi, kigurudumu cha kuutandaza, na mtu aliyesimama mbele yako akikunyooshea vidole kwa mashaka. Kufika saa ya chai, blauzi ya mama ilikuwa imesajili nusu ya mji.

Aliyekuwa akinifundisha alikaa chini akacheka mpaka machozi. "Wapimbwe nyie!" alisema. "Mtu anapewa kazi ya wino, anakuja kavaa kama anakwenda komunyo ya kwanza!"

Huyo ndiye Mzee Malale, Msukuma mrefu mwenye viganja vikubwa, na ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua katika kazi hii. Kwa msomaji asiye wa huku, niseme kwamba Wapimbwe na Wasukuma ni watani. Yaani yeye ana ruhusa ya kunikejeli mimi, mimi nina ruhusa ya kumkejeli yeye, na atakayekasirika wa kwanza ndiye mwenye makosa. Ruhusa hiyo haikomi msibani. Msibani ndipo inapopamba moto, na watani wasipofika kuvuruga mazishi, wafiwa wanajiuliza wamekosea wapi. Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba heri mimi nimekuja na blauzi, wao walikuja Katavi na ng'ombe wakamaliza majani. Tukawa marafiki.

Malale alinifundisha kwamba kidole kinaviringishwa, hakikandamizwi. Unaanza upande mmoja wa kucha unamalizia upande wa pili, mara moja, bila kurudia. "Mshike mtu mkono kama unamvusha mto," alisema, "usimshike kama umemkamata." Wakulima wa tumbaku walikuja na vidole vyenye utomvu mweusi uliogandamana, tukawasugua kwa mafuta ya taa na sabuni kabla hata ya kuanza. Akina mama wa mpunga walikuja na vidole vilivyolika vikawa laini kama sabuni iliyokwisha. Wote hao Malale aliwasubiri. Na kila mmoja alipoondoka, alichukua kitambaa chake cha kaniki, akafuta kioo chote mpaka king'ae, ndipo akamwita mwingine.

Mimi nikaona anapoteza muda, foleni ilikuwa inafika barabarani. Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu ameondoka," alisema. "Na vidole vyake viondoke naye. Alichotupatia kiko kwenye karatasi, alichoacha kwenye kioo hakutupatia."

Nilidhani ni uzee. Nikafuta tu kwa sababu alikuwa ananitazama.

Halafu zikaja mashine. Zilifika ndani ya sanduku jeusi kama la mwanamuziki, zikiongozana na wataalamu wawili waliotuita wote "timu." Kioo kikawa kidogo chenye mwanga wa kijani, wino ukaisha, nami nikarudi kwenye blauzi nyeupe. Mwananchi wa kwanza alikuwa mkulima mmoja wa mahindi, na mashine ikamkataa. Weka tena. Ikamkataa. Weka tena, mzee, taratibu. Wataalamu wakazima na kuwasha, wakapiga simu Dar, wakafungua kitabu cha maelekezo. Ilikuwa kiangazi, mikono ya watu wote wa Mpanda imekauka. Malale akamwambia mzee ajipanguse kidole kwenye paji la uso, apate jasho na mafuta kidogo. Mashine ikamkubali, ikapiga mlio kama kifaranga. Wataalamu wakaandika hilo kwenye ripoti yao kama matokeo ya mafunzo.

Tukapewa pia semina ya usiri wa taarifa za wananchi. Tuliambiwa taarifa zote ziko salama kabisa, hakuna anayeweza kuzifungua bila kibali. Wakati huo paswedi ya mashine ilikuwa jina la mji wetu likifuatiwa na moja mbili tatu, na ilikuwa imebandikwa ukutani kando ya kalenda ya parokia, ili mtu asije akaisahau. Watoto waliokuja na mama zao waliitumia kujifunzia kusoma.

Waliouliza maswali ya maana hawakuwa wa semina. Walikuwa wazee wa makazi ya Katumba na Mishamo, watu waliotoka Burundi zamani, ambao wengi wao wamekwisha kupewa uraia na wajukuu zao hawajui njia ya kurudi huko. Hao walishaandikwa na kuhesabiwa mara nyingi maishani, na si kila mara walipenda kilichofuata baada ya kuhesabiwa. Mmoja alikataa kuweka kidole mpaka nimjibu: "Hii ikishaingia humo ndani, nani anaitoa?" Nilimwambia haitolewi. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgeni nchini.

Sasa nije kwa mwanamke mmoja. Nitamwita Dativa. Alikuja asubuhi, ana mtoto mgongoni na mwingine ameshika khanga yake, walikuwa wameshuka kwenye treni ya Kaliua siku chache nyuma. Alitaka kubadilisha anwani yake iwe ya Mpanda, ili mtoto mkubwa aandikishwe shule. Vidole tisa viliingia bila shida. Dole gumba la kulia lilikuwa limepinda, halikulala kwenye kioo hata nilipolishika mwenyewe.

"Dole gumba hili vipi, dada?" nilimuuliza, kwa sababu mashine ilikuwa inataka sababu.

"Lilibanwa na mlango."

"Pole. Mlango wa wapi huo?"

Akaendelea kutazama kioo, hakunitazama mimi. "Wa nyumbani kwangu. Mume wangu ndiye aliyekuwa ameushika."

Kwenye mashine palikuwa na vijisanduku vya kuchagua: kidole kimekatika, kina bandeji, kina ulemavu. Kisanduku cha mume hakikuwepo. Nikaweka alama kwenye ulemavu, na nikaona aibu mikononi mwangu.

Tulipofika kwenye picha, akaniuliza, "Mama, hii picha ataiona nani?"

"Serikali."

"Mume wangu ana rafiki serikalini."

Nilikuwa na jibu la semina, refu na zuri, lakini nililiacha huko huko semina. Nikamwambia, "Ataiona mtu mwenye sababu."

"Na asiye na sababu?"

"Huyo atanikuta mimi."

Nilisema hivyo kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kunywa chai. Yeye akaitika "ego," yaani ndiyo, kama wanavyoitika kwao, akambeba mtoto wake vizuri, akaondoka. Nikafuta kioo, na siku hiyo sikufuta kwa sababu Malale alikuwa ananitazama. Mzee alikuwa amekwisha kustaafu, anafuga kuku zake karibu na Kibaoni.

Miaka ikapita, mashine ikaongezewa akili. Zamani ulihitaji kidole au namba ya mtu ili kumpata. Sasa ukaweza kuweka picha tu, nayo inakuletea jina, mtaa na simu. Kamera zikafungwa stendi na sokoni, na ofisi yetu ambayo zamani ilinuka mafuta ya taa ikawa inapendwa na kila mtu. Katekista alitaka kujua kama bwana harusi fulani hana mke Tabora. Jirani yangu alitaka kujua aliyempa mimba binti yake anakaa wapi. Dereva mmoja wa bajaji alitaka namba ya abiria aliyesahau mwamvuli, na alipoeleza sura ya abiria huyo nikaelewa mwamvuli si tatizo. Wote ni watu wazuri, na wote walikuja wakitabasamu. Niliwaambia waandike barua, watoe sababu, waweke sahihi. Hakuna aliyerudi na barua, ila wengi walirudi kuniambia nina roho mbaya.

Halafu, Alhamisi moja, akaja Mkubwa.

Cheo chake sikitaji na ofisi yake siitaji. Inatosha kujua kwamba hakugonga mlango. Nilimfahamu tangu akiwa mwanafunzi, maana alikuwa mpwa wa Mzee Malale. Mama yake alifariki akiwa mdogo, mjomba akamlea na kumsomesha, na kwa hiyo yeye naye alikuwa mtani wangu. Tulitaniana kidogo, akaniuliza kama Wapimbwe bado tunaogopa ng'ombe, kisha akatoa simu yake na kuiweka mezani.

"Mtani, nitafutie huyu. Suala la usalama."

Nikatazama. Alikuwa mwanamke kijana amevaa shela, ameshika maua. Picha ilikuwa imekatwa upande mmoja, lakini mkono wa mwanamume mwenye suti ulikuwa umebaki begani kwake. Na chini ya maua, dole gumba la kulia lilikuwa limenyooka vizuri kabisa.

Alikuwa Dativa, kabla ya mlango. Nimeona picha nyingi za watu wanaotafutwa, lakini sijawahi kuona usalama wa taifa ukija na shada la maua.

"Barua iko wapi?" nilimuuliza.

"Barua ya nini? Mimi si ndiye huyu hapa?"

"Nakuona. Barua siioni."

"Itakuja."

"Basi na jibu litakuja. Isitoshe, leo mtandao umekata."

Akatazama ile taa ya kijani kwenye kioo, iliyokuwa ikiwaka bila wasiwasi wowote. Akanitazama mimi. Hakutabasamu tena. Akaenda kwa Meneja wetu, mtu mwema aliyeogopa kila kiatu kilichong'arishwa. Baada ya muda mfupi Meneja akaja peke yake, anafuta jasho.

"Mama Gene, huyu ni mkubwa."

"Ndiyo, bosi. Tena amenenepa."

"Tumpe tu. Sisi ni kina nani?"

"Sisi ndio wenye mashine."

Meneja akanieleza kwamba mambo yamekwisha kupangwa. Mashine yeye mwenyewe hakujua kuitumia, lakini Jumatatu Mkubwa angeleta mtaalamu wake wa kompyuta, aketi kwenye kiti changu, na mimi ningepewa mapumziko ya siku hiyo kwa ajili ya afya yangu. Paswedi hawakuhitaji kuniomba. Ilikuwa ukutani.

Nikakaa mbele ya ile mashine mchana wote nikijua kwamba Jumatatu yule mume atajua mtaa anaokaa Dativa na shule anayosoma mtoto wake. Nilitaka kwenda kumwonya. Lakini nisingejua anakaa wapi bila kumtafuta humo, kwa picha au kwa jina, bila barua, kama yeye Mkubwa alivyotaka. Kidole changu kilifika mpaka kwenye kitufe. Na mashine huwa inakumbuka aliyetafutwa mwisho. Ningemfungua mimi, mtaalamu angemkuta ameshaandaliwa mezani. Nikaondoa mkono. Nilijiona mjinga, na nilikuwa na hasira na kila mtu, kuanzia wale waliotuita timu.

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikapanda basi la Kibaoni kwenda kwa Mzee Malale. Alikuwa anaumwa kifua kwa muda mrefu, amelala uani kwenye kitanda cha kamba, vile viganja vyake vimebaki mifupa. Nilimsimulia bila kutaja jina la mwanamke. Nilipofika kwenye jina la mpwa wake, akafumba macho.

"Nilimfundisha kuoga, nilimfundisha hesabu," alisema. "Mengine sikuwahi."

"Nimripoti?"

"Kwa nani? Wanakula naye meza moja." Akakohoa mpaka mkewe akaja na maji. Kikohozi kilipotulia akanishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, yule mtoto haogopi sheria. Tangu mdogo anaogopa kitu kimoja tu, kuchekwa. Alikuwa akichekwa shuleni anakimbia mpaka nyumbani."

"Sasa nimcheke vipi ofisini? Atanifukuza."

"Ofisini ndiyo." Akaanza kutabasamu, meno yakiwa machache. "Mimi nikifa utakuja na utani wa kweli? Siyo ule wa kwenu mjini wa kuinua khanga na kuomba soda?"

Nilimwambia aache upuuzi, hafi leo. Kesho yake asubuhi simu ikalia, na alikuwa amekufa.

Nililia nikiwa nasonga ugali, nikaendelea kuusonga kwa sababu nilikuwa sijui mikono niipeleke wapi. Halafu nikakumbuka alichoniuliza, nikaelewa kwamba yule mzee, akiwa anakata roho, alikuwa amenipangia kazi ya Jumapili.

Mazishi yalijaa. Wasukuma wa Mpimbwe yote walikuja, na Wapimbwe tukaja kuwasumbua kama inavyotakiwa. Wenzangu walilala njiani jeneza lisipite. Mmoja alivaa gumboti za marehemu akawa anachunga wafiwa kwa fimbo. Mkubwa alikuwa mstari wa mbele, suti nyeusi, miwani ya jua, na wakubwa wenzake wawili waliokuja kumpa pole.

Jeneza lilipofikishwa kaburini nikatokea mimi. Nilivaa koti la kazi la Malale, lile lililofika magotini, na miwani ya jua niliyoazima kwa mwendesha bodaboda. Nilikuwa nimebeba meza ndogo, kipande cha kioo cha dirisha, na ukurasa niliouchana kwenye kalenda, wenye picha ya ng'ombe dume mnene. Shemeji yangu Petro nilimweka nyuma ya meza awe karani. Petro sikumweleza lolote. Nilimpa sentensi moja tu na kumwambia airudie, niseme nitakachosema.

Nikatembea kwa maringo mpaka mezani, bila kugonga, nikaweka picha ya ng'ombe juu ya kioo.

"Karani! Nitafutie huyu!"

"Barua iko wapi?" akasema Petro.

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. Msukuma na ng'ombe, mwanzo ulikuwa mwepesi.

"Suala la usalama!"

"Barua iko wapi?"

"Hunijui mimi? Mimi mkubwa! Mimi nikipita, hata mbuzi wanasimama!"

"Barua iko wapi?"

Sasa walicheka kweli, hata wabeba jeneza. Nikajifanya natazama huku na huku, nikainama sikioni kwa Petro, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Sikia, karani. Huyu ni mke wa rafiki yangu. Amemkimbia. Rafiki yangu alimfinya kidogo tu, yeye akakimbia. Nionyeshe anakolala."

"Barua iko wapi?"

Kicheko kilikatika kidogo, hasa upande wa wanawake. Niliona vichwa vikigeuka. Sikumtazama Mkubwa, sikutaja mji, wala mtaa, wala dole gumba. Nikageukia jeneza.

"Basi mchukueni huyu marehemu vidole! Tujue huko anakokwenda anakaa mtaa gani, na simu yake ni ipi! Hawezi kwenda tu hivi hivi, bila kamera!"

"Barua iko wapi?" akasema Petro, na safari hii hakusema peke yake. Wapimbwe wote waliitikia, kisha vijana wa Kisukuma, kisha akina mama. "Barua iko wapi? Barua iko wapi?" Dada mkubwa wa marehemu, bibi kizee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akainuka kwa mkongojo, akamkazia macho yule mpwa wao wa mstari wa mbele.

"Ng'wanawane, mwanangu," alimwambia, "mjomba wako angekuuliza hivyo hivyo. Barua iko wapi?"

Wale wakubwa wenzake wawili walicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Yeye naye akacheka, meno tu, maana mtani hakasirikiwi, na angekasirika kila mtu pale angejua kwa nini. Jasho lilitokea chini ya miwani.

Desturi inataka mtani apewe kitu ndipo aondoke njiani. Mkubwa akachukua jogoo kutoka kwa mjane wa mjomba wake, akaniletea mwenyewe. Aliponikabidhi, akasema chini chini, "Mtani, umenimaliza."

"Bado," nikamwambia. "Kuna arobaini."

Kisha nikavua miwani. Nikatoa mfukoni kile kitambaa cha kaniki, ambacho Malale aliniachia siku anastaafu, nikafuta kipande cha kioo mpaka kikang'aa, nikakiweka kitambaa juu ya jeneza. Hapo utani ukanishinda. Nililia kwa sauti, koti lake limenifika magotini, jogoo kwapani ananipiga mabawa, na hakuna aliyecheka.

Jumatatu nilikwenda kazini mapema kuliko siku zote, nikakaa kwenye kiti changu. Mtaalamu hakuja. Saa ya chai ikapita, hakuja. Mchana Meneja akatoka ofisini kwake, akabandua ile paswedi ukutani, akabandika tangazo lenye muhuri: hakuna kumtafuta mwananchi yeyote bila barua. Aliweka sahihi yake chini kwa wino mzito, kama vile wazo limemjia akiwa anaoga. Nilimpongeza. Paswedi mpya nilichagua mimi, na kwa taarifa yenu haina jina la mji wowote.

Mkubwa aliendelea na kazi yake mpaka alipohamishwa, kama wanavyohamishwa wakubwa wote. Ila kwa muda mrefu, gari lake likisimama karibu na soko, kulikuwa na mwendesha bodaboda mmoja wa kuuliza barua iko wapi. Wengi wao hawakujua hata chanzo chake.

Sasa nimestaafu. Juzi juzi nilikwenda kuhakikiwa kwamba bado niko hai. Mashine ikanikataa vidole vyote. Mmoja wenu akaniambia, "Weka tena, Mama, taratibu," na nikajipangusa paji la uso kama wazee wengine. Nilipomaliza nilisubiri nione atafanya nini. Alimwita anayefuata, halafu akakumbuka, akamwomba asubiri, akafuta kioo. Nilifurahi kuliko siku ya saa ya ukutani.

Asubuhi huwa napita Majengo kununua vitumbua kwa mwanamke mmoja mwenye dole gumba lililopinda. Ana meza nzuri, kibanda kimepakwa rangi, na binti mrefu aliyevaa sare ya sekondari anayemsaidia kabla ya kwenda shule. Binti anakosea kumwaga unga, wanacheka wote wawili. Wiki iliyopita nilimwomba mama mtu anipe cha nyongeza, kama wauzaji wanavyowapa watu wao.

Akanitazama usoni, vizuri, kwa mara ya kwanza. "Samahani, mama. Kwani tunafahamiana?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hunifahamu kabisa."

Hakunipa. Nilikwenda nyumbani natembea kama msichana.

Na sasa nawaona baadhi yenu mmekwisha kuinuka kwenda Majengo kutafuta mwanamke wa vitumbua mwenye dole gumba lililopinda. Ketini chini. Si dole gumba. Si vitumbua. Si Majengo, na treni hiyo hakuipanda. Nilifanya kazi hii maisha yangu yote, mlidhani nitakuja kumtoa kwenye hadithi? Anayemtaka na aandike barua, aeleze sababu, aweke sahihi na muhuri, anitumie. Nami nitamjibu siku hiyo hiyo kwamba mtandao umekata.